Msimwambie Mtoto Asubiri Piano

Mzazi wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa akiuliza mtoto wake aanzeje kujifunza muziki, mara nyingi hupewa jibu moja. Anaambiwa asinunue kinanda cha bei nafuu. Kile cha funguo 61, chenye spika mbili pembeni na midundo ndani yake, anaambiwa ni cha kuchezea. Kitamharibu mtoto vidole na masikio, na fedha zitakuwa zimepotea, maana baada ya mwaka atalazimika kununua kingine. Asubiri mpaka aweze kununua piano, au walau piano ya umeme yenye funguo 88 zenye uzito. Wanaotoa jibu hili si watu wa mitaani wasiojua kitu. Ni walimu wa piano, wapiga kinanda wa makanisa makubwa, na wazazi waliowapitisha watoto wao kwenye mitihani ya muziki hadi ngazi za juu.

Nawaheshimu, na nasema wamekosea. Kosa lao linawaumiza watoto ambao hawamo chumbani ushauri unapotolewa, na ndiyo maana sioni sababu ya kulinyamazia.

Kwanza niiweke hoja yao kama wao wenyewe wangeiweka. Piano ni nyundo zinazopiga nyuzi. Ufunguo wa piano ya kisasa hushuka kwa uzito wa takriban gramu 50, na namna unavyoubonyeza ndiyo namna sauti inavyotoka: taratibu ikatoka laini, kwa nguvu ikatoka kali. Mtoto anayeanzia hapo hujua tangu somo la kwanza kwamba sauti inatengenezwa na mkono wake. Kinanda cha bei nafuu kina funguo za plastiki zinazorudishwa na springi au mpira. Vingine, kama Yamaha PSR-E273, havitambui kabisa nguvu ya kidole. Bonyeza upendavyo, sauti ni ileile. Sauti ya piano iliyomo ni rekodi iliyofinywa. Mkono wa kushoto unaweza kugusa ufunguo mmoja na bendi nzima ikaitikia. Mtoto aliyezoea hayo, wanasema, akikaa kwenye piano siku moja atakuta vidole havina nguvu, mkono wa kushoto umelala, na sikio halitofautishi kunong'ona na kupaza sauti.

Kama maelezo ya kifaa, hayo yote ni kweli. Hitimisho linalotolewa humo ndilo nisilolikubali.

Dai la kwanza: funguo hazitoshi

Hili ndilo dhaifu kuliko yote, kwa hiyo sitakaa nalo sana. Piano aliyoimiliki Mozart jijini Vienna, iliyotengenezwa na Anton Walter mnamo 1782 hivi na ambayo ingali imehifadhiwa Salzburg, ina oktava tano, yaani funguo 61. Piano kongwe kuliko zote zilizosalia, ya Bartolomeo Cristofori ya mwaka 1720, ina 54. Hizo 88 zilianza kuwa kawaida miaka ya 1880 tu. Ni kweli kwamba piano ya Mozart ilianzia F na kinanda cha leo huanzia C, hivyo nota chache za chini katika kazi zake zitabidi zipandishwe oktava moja. Lakini mtoto wa miaka minane anayejifunza skeli ya C kwa mikono miwili hatoki nje ya oktava tatu au nne za katikati. Anayemwambia asubiri anamnyima funguo 61 kwa ajili ya 27 ambazo hatazigusa kwa miaka.

Dai la pili: vidole vitaharibika

Johann Sebastian Bach alikuwa mpiga ogani na hapsikodi. Vyombo hivyo viwili havijali nguvu ya kidole. Hapsikodi huchuna uzi kwa kipande cha unyoya, na uzi hulia vilevile hata ukibonyeza ufunguo kwa hasira. Ogani hufungua tu njia ya upepo. Domenico Scarlatti aliandika sonata zaidi ya 500, nyingi kwa ajili ya hapsikodi. Watu hawa walitia hisia kwa kucheza na muda: kuishikilia nota, kuiachia mapema, kuacha pengo dogo kabla ya pigo zito. Atakayenikumbusha klavikodi, ambayo kweli iliitikia kidole, yuko sahihi; lakini funguo zake zilikuwa nyepesi mno, na wala hakuna anayesema iliwaharibu vidole wapigaji wa karne ile.

Mwalimu anayesema funguo nyepesi huharibu mkono ndiye huyohuyo anayempa mwanafunzi wake vipande vya Bach katika mwaka wa pili. Anaufundisha muziki uliozaliwa kwenye chombo kisichoitikia nguvu, kisha anasema chombo kisichoitikia nguvu hakiwezi kufundisha muziki. Na walimu wa fidla hawamwambii mtoto wa miaka sita asubiri mpaka mkono wake ufikie fidla kamili. Wanampa ya robo, yenye sauti nyembamba, wakijua ataibadilisha mara mbili au tatu kabla hajamaliza shule. Wanajua ataihama, na bado wanamwanzisha.

Tazama kile ambacho mwanafunzi hukipata katika mwaka wake wa kwanza. Anajifunza kuzijua funguo bila kuzitazama. Anajifunza kuhesabu mapigo, kuzisoma nota au solfa, na kuipeleka mikono miwili njia tofauti kwa wakati mmoja. Anajifunza kusikia kwamba amekosea kabla ya kuambiwa. Anajizoeza kukaa na kurudia mstari mmoja mpaka utoke. Mguso ni sehemu ya ufundi, ni sehemu kubwa, na mwanafunzi atakayeendelea lazima aupate. Lakini huwezi kumfundisha mguso mtu ambaye bado anaitafuta G kwa kidole kimoja. Tena vinanda vinavyoitikia nguvu ya kidole vipo hatua moja tu juu ya vile vya chini kabisa. Yamaha PSR-E373 ni kimojawapo. Mwenye hoja ya mguso alipaswa kumshauri mzazi achague hicho cha pili. Badala yake anamwambia asichague chochote.

Dai la tatu: midundo hufundisha uvivu

Hapa wanazungumzia kile kitufe kinachowasha ngoma, besi na gitaa, huku mtoto akishikilia kidole kimoja kushoto. Wanakiona kama udanganyifu. Hebu tukifuate kitufe hicho kilikotoka.

Mwaka 1980 kampuni ya Casio, iliyojulikana kwa mashine za kukokotolea, iliingia katika vyombo vya muziki kwa kutoa Casiotone 201. Mwaka huohuo ilimwajiri Okuda Hiroko, msichana aliyekuwa ametoka tu chuo cha muziki, ambako tasnifu yake ilihusu rege. Moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kutunga midundo ya kinanda kidogo kilichoitwa MT-40, kilichotoka 1981. Mdundo mmoja ulipewa jina la "rock". Kinanda kama hicho kikafika Kingston, Jamaika, mikononi mwa kijana Noel Davy. Yeye na mwimbaji Wayne Smith wakauokota mdundo ule, mtayarishaji King Jammy akaupunguza kasi, na mwaka 1985 ukatoka wimbo "Under Mi Sleng Teng". Rege ya Jamaika ikageuka kuwa ya kidijitali kuanzia hapo, na mdundo ule umerekodiwa upya katika mamia ya nyimbo. Davy na Smith hawakuwa wavivu. Walisikia kitu ambacho wenye kinanda chenye uzito hawakukisikia, kwa sababu kilikuwa mbele yao na walikuwa wakikibonyeza kila siku.

Lakini hata tukiiacha Jamaika, dai hili linashangaza likitolewa Afrika Mashariki. Ni wapi kwetu mtoto alijifunza muziki peke yake, kimya, katika chumba kilichofungwa? Mtoto wa pwani hujifunza chakacha akiwa katikati ya ngoma, mikono yake ikipiga makofi kabla hajajua kupiga ngoma yenyewe. Anakosea, ngoma haimsubiri, anarukia inapofika. Kumweka mwanafunzi ndani ya mdundo usiomsubiri ndiyo njia yetu ya kale ya kufundisha. Metronomu hufanya kazi hiyo kwa tik-tak. Kinanda huifanya kwa ngoma na besi, na humwachia mtoto achague valsi leo na bosanova kesho, mpaka mwili wake ujue tofauti ya tatu na nne.

Kidole kimoja cha kushoto ni tatizo la kweli, sikatai. Mwanafunzi anaweza kukaa miaka mitatu akibonyeza C na kupata kodi kamili bila kujua ndani yake mna C, E na G. Tiba yake ni mwalimu kukigeuza kinanda kwenye hali ya vidole vyote, ambayo karibu kila kinanda cha aina hii kinayo. Vivyo hivyo kitufe cha transpozi, ugonjwa wa wapigaji wengi wa kwaya zetu, ambao hupiga kila wimbo katika C na kukiachia kifaa kipandishe au kishushe. Ugonjwa huo ulienea kwa sababu mpigaji aliachwa peke yake. Wale waliokuwa na ujuzi walikuwa wakisema kinanda chake si chombo cha kufundishia, kwa hiyo hakuna aliyekwenda kumfundisha. Kisha wakaonyesha udhaifu wake kama ushahidi.

Dai la nne: si muziki halisi

Nikifika kwenye dai hili nashindwa kutulia, kwa sababu wanaolitoa Dar es Salaam wanaishi katika mji unaolikanusha kila wikiendi.

Mwananyamala, Dar es Salaam, ni mojawapo ya maskani ya mchiriku, ambao wengine huuita mnanda. Mchiriku ulichipuka kutoka ngoma za Wazaramo zilizopigwa kwenye shughuli za mtaani. Vijana wa miaka ya 1990 walichukua ngoma zile na kuweka juu yake kinanda kidogo cha Casio, cha aina wanayonunuliwa watoto. Walikipitisha kwenye amplifaya na spika za tarumbeta, zile za matangazo, mpaka sauti ikakwaruza, na ukwaruzaji huo wakaufanya sehemu ya muziki. Kundi la Jagwa Music lilitoka humo. Albamu yao ya "Bongo Hotheads" ilitolewa mwaka 2012 na Crammed Discs, lebo ya Ubelgiji, na wakapiga kwenye majukwaa ya Ulaya mbele ya watu wasioelewa neno hata moja la Kiswahili. Huku nyumbani waliitwa wahuni. Singeli iliyokuja baadaye, ile ya kasi kubwa kutoka mitaa ya Dar es Salaam, imekunywa humo na katika taarab ya vinanda.

Sikiliza mpiga kinanda wa mchiriku. Hana pedali wala funguo zenye uzito, na mara nyingi funguo zake ni ndogo kuliko kidole. Ametengeneza lugha yake kwa mstari mfupi unaorudiwa na kugeuzwa kidogo kila unaporudi, ukibishana na ngoma na kumjibu mwimbaji. Vidole vyake vina kasi na usahihi ambao mwanafunzi wa ngazi ya tano wa piano angeutamani. Mnaposema kinanda cha bei nafuu hakitoi mwanamuziki, mna maana gani juu ya mtu huyu? Kama si mwanamuziki, yule aliyemwalika Ulaya alisikia nini?

Wengine huniletea taarab kama ushahidi wa kinyume. Wananiambia: tazama East African Melody, tazama Jahazi, kinanda kimeingia, fidla na kanuni zimetoka, na taarab asilia imekufa. Namuelewa anayeomboleza fidla zile, hata mimi nazipenda. Lakini hiyo ni hoja kuhusu mishahara ya okestra ya watu ishirini na hesabu za mwenye kundi. Haihusu mtoto anayeanza. Na taarab asilia haikufa: Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, ingalipo. Isitoshe, taarab yenyewe haikuwahi kukataa chombo kwa sababu kilitoka kiwandani au kilikuwa rahisi. Tashkota ya Mombasa, ambayo sauti yake inang'aa katika nyimbo za Zuhura Swaleh, ni chombo cha Kijapani chenye nyuzi na vitufe vilivyoigwa kutoka mashine ya chapa. Kilibuniwa Nagoya mwaka 1912 ili mtu wa kawaida ajifunze muziki nyumbani. Watu wa pwani walikipokea, wakakiunganisha na spika, na leo hakuna anayethubutu kusema si cha kwao.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa piano hapa pwani hawaligusi. Maqamu za Kiarabu ambazo taarab imejengwa juu yake zina nota zilizo kati ya funguo za piano. Nota ya tatu ya maqamu ya Rast haipo kwenye piano ya kawaida, hata ile ya bei ya nyumba, mpaka umwite fundi azituni upya nyuzi. Yamaha ina mfululizo wa vinanda uitwao PSR-A ambao humruhusu mpigaji kuishusha nota robo kwa kugusa vitufe. Kwa mtoto wa Lamu au Unguja anayetaka kuusoma muziki wa babu yake, piano ndiyo chombo chenye upungufu.

Na kama ni vyeti vinavyotafutwa, Trinity College London, ambayo ngazi zake za piano zinaheshimiwa na walewale wanaonipinga, ina mitihani rasmi ya kinanda cha umeme tangu ngazi ya awali mpaka ya nane. Huwezi kukikubali cheti chao cha piano na kukiona cha kinanda kama mchezo wa watoto wakati vyote viwili vimetoka meza moja.

Dai la tano: rahisi ni ghali

Hii ndiyo hoja inayomshinda mzazi, kwa sababu inazungumza na mfuko wake. Basi tuhesabu, na tuhesabu pande zote mbili, maana mpaka sasa umehesabiwa mmoja.

Piano ya kusimama ina uzito wa kilo 200 hivi, nyingi hupita hapo. Ndani yake mna nyuzi zaidi ya 200 zinazovuta kwa pamoja kwa nguvu ya tani nyingi. Inahitaji kutuniwa mara mbili kwa mwaka katika nchi zenye hali ya hewa tulivu. Kwenye unyevu na chumvi ya Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, nyuzi hushika kutu, vitambaa vya nyundo huvimba, funguo hukwama; ukiipeleka kwenye ukavu wa Dodoma mbao hupasuka. Mchwa hawaulizi imetengenezwa Hamburg au Hamamatsu. Fundi wa kutuni anayejua kazi ni wa kutafutwa, na miji mingi ya bara haina hata mmoja. Mzazi anayeambiwa "nunua piano, itadumu" hatajiwi hata moja kati ya hayo.

Kisha kuna ghorofa. Familia nyingi za mjini zinaishi vyumba viwili, ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, jirani ukuta kwa ukuta na mtoto mchanga wa jirani amelala. Kinanda cha kilo nne kinawekwa mezani na kurudishwa juu ya kabati. Mtoto anavaa hedifoni saa tatu usiku na hakuna anayemfokea. Umeme ukikatika anatumia betri. Wapigaji wa vijijini wanajua jambo jingine zaidi: adapta ya vinanda vingi vya Yamaha hutoa volti 12, zinazokaribiana na za betri ya gari, kwa hiyo ibada na harusi huendelea kwa betri na paneli ya jua. (Casio nyingi za zamani ni volti 9 na zina hasi katikati ya plagi, aliyechomeka bila kusoma ameunguza nyingi.) Piano ya umeme yenye uzito, ile inayopendekezwa kama njia ya kati, mara nyingi haina nafasi ya betri kabisa. Inanyamaza pamoja na mtaa.

Lakini gharama kubwa kuliko zote haionekani kwenye risiti yoyote. Ni miaka. Mzazi mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, nilimwambia binti yangu tusubiri kidogo tupate kitu cha maana." Binti alikuwa darasa la tatu alipoomba. Januari ilipofika ikaja ada, mwaka uliofuata bati za nyumba, kisha ugonjwa wa bibi, kisha binti akaenda bweni. Baba yule hakuwa mzembe. Alifuata ushauri wa mtu aliyemwamini. Fedha za piano hazikai zikikusanyika katika nyumba ya mshahara mmoja; kila mwezi zina mwenyewe. Fedha za kinanda, zinazokaribiana na bei ya simu janja ya kawaida, alikuwa nazo mwaka ule binti alipoomba.

Huko bweni nako, ninaikumbuka shule moja iliyokuwa na piano nzuri kwenye ukumbi. Ilifungwa kwa kufuli ili isiharibiwe, na ilikaa bila kutuniwa mpaka nusu ya oktava ya juu ikawa inalia nota mbili kwa mara moja. Wanafunzi waliotoka pale wakijua muziki walijifunza kwenye kinanda cha kwaya kilichokosa ufunguo mmoja. Kila mgeni aliyetembelea shule alionyeshwa piano.

Ni nani basi anayelipia ushauri wa "piano kwanza"? Mtoa ushauri halipi, kwani watoto wake tayari wana piano. Mtoto wa tajiri halipi pia, maana atanunuliwa. Anayelipa ni mtoto wa nyumba ya mshahara mmoja, na analipa kwa kutokuanza. Halafu tunashangaa kwa nini parokia ya mjini inatafuta mpiga kinanda miezi sita bila kumpata, na kwa nini kwaya nzuri ya vijana inaimba bila chombo.

Dai la sita: hizo ni kumbukumbu tu

Ninapofika hapa huambiwa kwamba naitetea Casio ya utotoni. Ni kweli niliipenda. Nakumbuka kitufe cha wimbo wa maonyesho, na jinsi tulivyokibonyeza tena na tena, tukijaribu kuufuata ule mstari wa juu kwa kidole kimoja, kisha kwa viwili, mpaka binamu yangu akaupata wote na nyumba nzima ikaja kusikiliza. Lakini angalieni kilichokuwa kikifanyika. Kusikiliza kipande kifupi mara nyingi, kukiiga, kulinganisha, kusahihisha: kazi ileile ambayo mwalimu wa muziki wa masikio angetulipisha kuifundisha. Hatukuambiwa ni zoezi, na ndiyo maana tulilifanya mpaka usiku. Kumbukumbu nzuri ya mtoto kuhusu chombo chake si jambo la kupuuzwa na mwalimu. Anayeacha muziki akiwa na miaka kumi na miwili mara nyingi huacha kwa kukosa hiyo.

Pale walipo sahihi

Kuna vifaa vinavyouzwa kwa umbo la kinanda ambavyo havifai kwa yeyote, na hasira ya walimu ingefanya kazi nzuri ikielekezwa huko. Vinapangwa Kariakoo na River Road karibu na wanasesere, na maikrofoni ya waya imefungwa pembeni kama zawadi. Vingine havitoi zaidi ya nota mbili kwa pamoja. Vingine havijapangwa sawa, kiasi kwamba A yake hailingani na ya chombo kingine chochote, na sikio la mtoto hupotoka. Vyenye funguo ndogo humfaa mpiga mchiriku aliyekwisha kuzizoea, lakini humfunza anayeanza umbali usio sahihi kati ya vidole. Tofauti ya bei kati ya hivyo na kinanda halali cha daraja la chini ni ndogo kuliko wazazi wanavyodhani, na hakuna anayewaambia, kwa sababu wenye ujuzi wameshaviweka vyote kwenye kapu moja na kuondoka.

Mwalimu anaweza kurekebisha hili kwa asubuhi moja. Mzazi akiuliza, muulize ana shilingi ngapi leo, usimuulize atakuwa na ngapi mwakani. Nenda naye dukani. Dai funguo 61 za ukubwa kamili. Bonyeza nota nne kwa pamoja, kisha sita; zikipungua, rudisha. Linganisha A yake na programu ya kutuni kwenye simu yako, isome hertzi 440. Bonyeza ufunguo uleule kwa upole na kwa nguvu, na kama fedha zinaruhusu chukua kile kinachotofautisha. Tafuta tundu la pedali na la hedifoni nyuma yake. Fungua kifuniko cha betri uone ni za aina gani na kama zinapatikana dukani mtaani kwao. Cha mtumba chenye jina, kilichopigwa kanisani miaka mitano, mara nyingi ni bora kuliko kipya kisicho na jina. Kibonyeze kila ufunguo kabla ya kulipa. Kisha mpangie mtoto somo la kwanza, na lisivuke wiki hii.